Mjadala: Je, ni haki Pokémon ikunyime viumbe mpaka upate mchezaji wa pili?

Msafiri_Paldea (Buruburu)

Wapenzi wa Pokémon wa Nairobi, naleta hoja mbele yenu. Pokémon Scarlet na Violet, matoleo mawili ya gemu moja ya kukamata viumbe kwenye mashine ya Nintendo Switch, zilitoka tarehe 18 Novemba 2022, na Pokédex (kitabu cha kusajili viumbe) ya Paldea, nchi ya gemu hiyo, ina nafasi 400. Unaweza kumaliza hadithi yote, ukawashinda viongozi wanane wa jimu wanaotoa beji na kuvunja kambi zote za genge la Team Star, na bado ukashindwa kuzijaza nafasi hizo peke yako. Larvitar na Deino wako Scarlet tu. Bagon na Dreepy wako Violet tu. Kati ya watatu wa mwanzo, Sprigatito, Fuecoco na Quaxly, unapewa mmoja. Haunter naye hageuki kuwa Gengar mpaka apite mikononi mwa mtu mwingine.

Usipojaza zote, mwalimu Jacq hakupi Shiny Charm, hirizi inayokuza nafasi ya kukutana na kiumbe wa rangi adimu kutoka 1 kwa 4,096 hadi takriban 1 kwa 1,365. Kwa mkusanyaji hilo ni jambo kubwa mno.

Bei ya gemu hiyo Marekani ilikuwa dola 59.99. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni kama 7,740, kabla ya usafiri na ushuru. Ukitaka kujitegemea unahitaji toleo la pili na Switch ya pili, kwa sababu mashine moja haiwezi kubadilishana na nafsi yake. Msimamo wangu ni kwamba aliyenunua gemu moja kihalali astahili kuimaliza.

BintiSouthB

Ndugu Msafiri, hapo nakupinga kabisa. Kubadilishana ndiko kulikozaa gemu hii. Satoshi Tajiri alipenda kukusanya wadudu utotoni, na alipoona waya wa kuunganisha Game Boy mbili akawaza viumbe wakipita kutoka mashine moja hadi nyingine. Matoleo ya kwanza, Red na Green, yalitoka Japani tarehe 27 Februari 1996.

Tazama Red na Blue tulizopata sisi tulio nje ya Japani. Red ina viumbe 11 wasiopatikana Blue, wakiwemo Ekans, Oddish na Growlithe. Blue nayo ina 11 wake, wakiwemo Sandshrew, Vulpix na Meowth. Sasa mchukue mtu aliyenunua zote mbili. Alichagua Bulbasaur huku na Charmander kule. Squirtle atamtoa wapi? Lazima aanze hadithi upya au atafute mwenzake. Kwa hiyo usiseme nia ni kukuuzia kaseti mbili tu. Nia ni utoke nyumbani ukakutane na mtu.

Na kukutana huko hakugharimu hata bando. Mkiwa meza moja, bonyezeni X, ingieni Poké Portal, halafu mhakikishe hamko kwenye intaneti. Kitufe cha L ndicho kinachowasha na kuzima. Chagueni Link Trade, wote wawili muweke msimbo uleule wa tarakimu nane, basi. Usajili wa Nintendo Switch Online hauhitajiki kwa njia hiyo.

Hutakiwi pia kumpoteza kiumbe wako. Ukishampokea, Pokédex imemsajili, na akirudi kwa mwenyewe usajili unabaki. Mwenye Scarlet na mwenye Violet wakijipanga vizuri, kila mmoja anaondoka na viumbe wake walewale na kurasa mpya zimejaa.

Fundi_Luthuli

Maelezo ya Binti ni sahihi, ila niongeze panapokwama watu.

Koraidon (wa Scarlet) au Miraidon (wa Violet), kiumbe unayempanda kusafiri, hawezi kutolewa. Wa kubadilishana ni yule wa pili unayemkamata Area Zero baada ya hadithi kuisha, leveli ya 72. Watu hufika kwenye miadi kabla ya kumkamata, nafasi ya 399 au ya 400 inabaki wazi, na wanadhani gemu imeharibika.

Yai halisajili chochote mpaka litotolewe. Kama mwenzako anakupa Fuecoco kwa njia ya yai, tembea nalo kwanza ndipo useme umempata. Kuyazalisha ni rahisi: weka Fuecoco na Ditto, kiumbe anayezaa na karibu aina zote, kwenye kikosi, tandika pikiniki, kisha chungulia kikapu kila baada ya muda. Jambo hili hasa ndilo linalowatoa wale watatu wa mwanzo nje ya malalamiko ya Msafiri. Mtu mmoja mwenye Ditto anaweza kugawia mtaa mzima bila kupungukiwa na kitu.

Ili wageuke, Scyther lazima ashike kifaa kiitwacho Metal Coat wakati wa kubadilishana, na Slowpoke ashike King's Rock. Wakienda mikono mitupu wanarudi vilevile. Kiumbe aliyeshika Everstone hageuki, kwa hiyo kagua Haunter wako ameshika nini kabla ya kumtuma.

Ukipokea kiumbe mkubwa mapema, hatakutii. Bila beji mwisho ni leveli ya 20. Kila beji inaongeza 5, na ya nane inafungua wote. Kinachopimwa ni leveli aliyokuwa nayo ulipompokea.

Kwa njia ya intaneti, tatizo kubwa hapa kwetu ni mtandao wa kushiriki kutoka kwa simu. Mashine mbili zinatakiwa kufikiana moja kwa moja, na mitandao mingi ya simu inaziba njia hiyo. Nenda System Settings, Internet, Test Connection, usome aina ya NAT, yaani jinsi mtandao unavyoruhusu mashine kufikiana. A au B ni nzuri. D itakusumbua, hata kama kasi ni kubwa. Ukiona hivyo usilaumu msimbo, tafuta waifai nyingine.

Mama_Wanne

Mnazungumza kama wachezaji wote ni watu wazima wenye nauli. Switch si PlayStation. Vibanda vingi vya gemu mtaani vina PlayStation na mpira, na mtoto wa Donholm anaweza kuwa peke yake mwenye Switch shuleni kwao. Huyo meza moja na nani?

Anabaki na intaneti, ambayo inadai usajili wa dola 19.99 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, kama shilingi 2,580. Halafu watoto huweka msimbo wa 11111111 au 12345678, na mtu yeyote duniani aliyeweka huohuo anaunganishwa naye. Hakuna mazungumzo ya maandishi humo, nashukuru. Lakini mtoto anamtoa kiumbe aliyemlea wiki nzima na kupewa takataka, na hakuna wa kumrudishia. Wazazi, chagueni tarakimu nane zisizo na mpangilio, mpeane kwa simu na mzazi mwenzenu, na muangalie jina la mchezaji kwenye skrini kabla ya kukubali.

Kwa sababu hiyo niko upande wa Msafiri.

DogoKayole

Mbona mnajisumbua? Kuna watu wanatengeneza viumbe kwa programu na kugawa bure. Dakika tano kitabu kimejaa.

Fundi_Luthuli

Dogo, hapana. Kiumbe aliyetengenezwa vibaya anakataliwa na Pokémon HOME, huduma ya kuhifadhi na kuhamisha viumbe, kwa hiyo hutaweza kumhamisha kwenda gemu nyingine. Na kwenye Mashindano ya Dunia ya Yokohama, Agosti 2023, wachezaji waliondolewa kwa sababu ya viumbe wa namna hiyo. Jina la mwenyewe likiwa anwani ya tovuti, usimpokee. Surprise Trade, ile ya kubadilishana na mtu usiyemchagua, imejaa hao.

Msafiri_Paldea (Buruburu)

Binti, nakubali meza moja ni njia nzuri pale inapowezekana. Lakini waundaji wenyewe walishaonyesha njia ya pili. Pokémon Legends: Arceus, ya tarehe 28 Januari 2022, ina viumbe 242 na toleo moja tu. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter wanageuka kwa kutumia kifaa kiitwacho Linking Cord, unachokinunua kwa Simona kijijini Jubilife kwa alama 1,000. Onix unampa Metal Coat moja kwa moja. Hadithi haikupoteza utamu wowote.

Kisha njoo kwa Finizen. Huyu anageuka Palafin kuanzia leveli ya 38, lakini lazima apande leveli ukiwa ndani ya Union Circle, yaani kikundi cha kucheza pamoja, na mchezaji mwingine. Mtu wa peke yake anaweza kumfikisha leveli ya 60 akiwa pomboo yuleyule.

BintiSouthB

Alama za Simona zinatoka wapi, ndugu yangu? Kwenye mikoba iliyopotea ya wachezaji wengine, unayookota na kuirudisha. Hata huko unamtegemea mwenzako, ingawa humwoni. Na Shaymin na Darkrai wa gemu hiyohiyo wanadai uwe na kumbukumbu za gemu nyingine kwenye mashine: Sword au Shield kwa Shaymin, Brilliant Diamond au Shining Pearl kwa Darkrai. Toleo moja halikuzuia hilo. Mimi naona hilo ni baya kuliko kubadilishana, kwa sababu rafiki hawezi kukusaidia, pesa tu ndiyo inayoweza.

Msafiri_Paldea (Buruburu)

Kweli. Ila hao wawili hawahesabiwi unapotafuta kukutana na Arceus mwenyewe, ambaye ndiye zawadi ya mwisho ya gemu hiyo. Waliobaki unaweza kuwakamata wote kwa gemu moja. Hicho ndicho ninachodai Paldea: viumbe wanaohitaji mtu wa pili wawepo, lakini zawadi ya mwisho isitegemee wao.

Mama_Wanne

Hapo nimeridhika.

BintiSouthB

Mimi sijaridhika kabisa. Ukiitoa zawadi, wengi hawatatafuta mwenzao, na mwenye Dreepy atakaa naye sandukuni. Ninachokubali ni Linking Cord iuzwe Paldea baada ya hadithi kuisha, kwa Haunter na wenzake. Viumbe wa toleo moja wabaki vilevile. Kuhusu Palafin, walioko karibu na mjini wenye Finizen wa leveli ya 37 waje na Rare Candy moja, peremende inayopandisha leveli moja. Mkishaingia Union Circle bila intaneti, unampa, anapanda hadi 38 na kugeuka papo hapo. Wanne wanaweza kuingia duara moja.