Stimu ya miraa imekwisha, mbona usingizi hauji?

Kijiti_Kimoja:
Wakuu, naomba wanaojua wanifafanulie. Mtu akianza kuchana (kutafuna miraa) saa kumi jioni, kufikia saa moja usiku maneno yanamtoka kama maji na kila wazo ni la kufungua kampuni. Saa sita usiku amenuna, hataki chakula wala soga, ila macho makavu hadi alfajiri. Pili: wale wanaosikia wakiitwa majina baada ya kukesha siku mbili, ni dopamini (kemikali ya ubongo) au ni kukosa usingizi?

Maabara_Ndogo:
Kwenye jani mna vitu viwili. Kathinoni ndiyo yenye nguvu, na kimuundo ni ndugu wa amfetamini, kichangamshi kikali. Miraa ikishavunwa, kathinoni huanza kugeuka kathini, ambayo ni dhaifu. Ndiyo maana kitita hufungwa majani ya mgomba na magari hukimbia nacho kama yana mgonjwa: miraa ya siku ya tatu ina kathini tele, kathinoni kiduchu.

Kwa kawaida seli ya neva humwaga dopamini kidogo, kisha pampu yake huifyonza irudi ndani. Kathinoni huigeuza pampu hiyo, ikawa inamwaga badala ya kufyonza. (Kokeini haigeuzi, inaziba tu.) Noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, humwagwa vilevile, hapo ndipo mapigo ya moyo na presha hupanda.

Sasa hesabu. Kathinoni hupungua kwa nusu kila saa moja na nusu hivi, kathini kila saa tano hivi. Aliyetema saa nne usiku, kufikia saa saba kathinoni imebaki kama robo, kathini bado zaidi ya nusu. Kinachochangamsha kimeondoka, kinachofukuza usingizi kimebaki. Juu ya hapo akiba ya dopamini ndani ya seli imepungua, kwa hiyo hata chapati ya moto haimwambii kitu.

Tanzania mirungi ni kosa kisheria, Kenya ni zao la biashara. Ubongo haujui mpaka wa Namanga.

Zamu_ya_Usiku:
Sauti: ni vyote viwili. Dopamini huupigia ubongo kengele kwamba "hili lina maana". Ikizidi, kengele inalia ovyo: mlango ukilia kwiii, unakuwa ujumbe, wawili wakicheka kibandani, wanamcheka yeye. Na aliyekosa usingizi siku mbili, ndoto huanza kupenya akiwa macho wazi. Sauti zikiendelea hata baada ya kuacha na kulala vizuri siku kadhaa, ni kazi ya kliniki ya afya ya akili, msimpeleke kuombewa tu.

Na madereva wanaochana ili wasisinzie: uchovu hutokana kwa sehemu na adenosini, kemikali ya ubongo inayojikusanya kadiri mtu anavyokaa macho. Miraa haiiondoi, inaipigia kelele tu. Mtu anasinzia sekunde 3 bila kujua. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni kama mita 67 bila dereva.

Dawa_Baridi:
Nirekebishe kidogo: dopamini ni hamu zaidi kuliko raha. Ndiyo maana utamu ukishaisha mkono bado unapapasa kitita.

Kosa kubwa ni namna watu wanavyoshusha stimu. Bia juu ya miraa humfanya mlevi ajione mzima, na hapo ndipo anachukua funguo. Tramadol (dawa ya maumivu) ni mbaya zaidi, kwa sababu huusogeza ubongo karibu na degedege na vichangamshi huongeza hatari hiyo. Maji, chakula chepesi, taa zizimwe, basi. Kifua kikibana au mkono wa kushoto ukiuma, hospitali usiku huohuo, na amwambie daktari ametafuna nini. Mwenye presha asiguse kabisa.

Kijiti_Kimoja:
Shukrani wakuu. Na kahawa ya asubuhi yake?

Maabara_Ndogo:
Kafeini haigusi pampu ya dopamini. Inakalia kiti cha adenosini, uchovu unakosa pa kukaa. Nayo hupungua nusu kwa saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa nne asubuhi hakina neno. Cha saa kumi jioni kinamharibia usiku wa pili.