Siku baada ya skwati nzito: nilale tu au nitembee?

Habari wakuu. Naomba ushauri. Siku ya miguu napiga skwati nzito (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani), na kesho yake mapaja yanakaza hadi kushuka ngazi inakuwa shughuli. Mwenzangu wa mazoezi anasisitiza nisikae, niendeshe baiskeli taratibu "asidi itoke". Mwili wangu unataka kulala. Nifuate lipi? Shida yangu ni kuongeza nguvu.

ChumaTaratibu:
Mkuu, tuanze na hiyo asidi. Lakteti, ndiyo hiyo watu huiita asidi, inayojaa kwenye damu wakati wa seti nzito huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi, hata ukiwa umekaa. Ukitembea mara tu baada ya seti inaondoka haraka zaidi, ni kweli, lakini kesho yake hakuna cha kutoa. Maumivu hayo yanatokana na nyuzi za misuli kujeruhiwa kidogo kidogo, hasa unaposhuka na mzigo, misuli ikirefuka huku imejikaza. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Kutembea kutakulegeza na kupunguza maumivu kwa muda. Ila kujenga upya nyuzi ni kazi ya usingizi na chakula chenye protini ya kutosha. Ukitembea ukapata nafuu, tembea. Usipoona tofauti, lala, hupotezi kitu.

DadaMazoezi:
Naongezea hapo. Wengi wanaita mazoezi mepesi kitu ambacho si chepesi hata kidogo! Uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, dakika 20 au 30 zinatosha, na ukimaliza ujisikie vizuri kuliko ulivyoanza. Miguu ikianza kutetemeka, hayo si mapumziko tena. Na kama usiku hukulala vizuri, baiskeli iache kabisa.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Na kuzama kwenye maji ya barafu je?

ChumaTaratibu:
Yanatuliza maumivu, ila ukizama kila baada ya vyuma yanaweza kupunguza ukuaji wa misuli. Kwa lengo lako, sikushauri.

DadaMazoezi:
Mkuu, hili usilipuuze: mkojo ukiwa wa kahawia iliyokoza, misuli ikavimba na maumivu yakapita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli ikivunjika kwa wingi inaweza kuumiza figo, na hapo hakuna cha kulala wala kutembea.