Muuzaji kakupa gari, mkopo umegoma: urudishe au ukomae nalo?

Kibati (mleta mada)
Wadau, naomba majibu, pole nimeshapewa za kutosha. Ndugu yangu kachukua gari kwa muuzaji, kwa mkopo. Fomu za mkopeshaji zilijazwa na ofisi ya muuzaji mwenyewe. Akaambiwa "umepita", akapewa ufunguo, akaacha kianzio pamoja na gari lake la zamani kama sehemu ya malipo. Siku kadhaa baadaye anapigiwa simu: mkopo umekataliwa, njoo usaini upya, riba imepanda, uongeze kianzio, ama urudishe gari. Akasema sawa, nipeni basi la kwangu. Kimya. Halafu: "Lile limeshauzwa."
Mkataba ninao hapa. Mbele kuna saini mbili na muhuri, ila kisanduku cha riba kiliachwa kitupu, kimepigwa kistari cha kalamu tu. Nyuma, kwa herufi ndogo za kukodolea macho, kuna mstari unaosema mauzo yanategemea mkopeshaji kukubali. Msimamo wangu ni asirudishe. Muuzaji kauza, kakabidhi, kapokea hela. Kutafuta mkopeshaji ni shida yake. Mnasemaje?

Mzee wa Klachi
Mkuu, unataka ndugu yako alale ndani? Kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ni la muuzaji, kesho anaripoti limeibwa, na hayo ya kistari cha kalamu utamweleza askari. Mimi ninachoshangaa ni mtu mzima kusaini karatasi bila kuigeuza nyuma.

Wakili wa Kibarazani
Hakuna kesi hapo. Sheria inampa mnunuzi siku tatu za kutafakari. Na Marekani mchezo huu ulishapigwa marufuku kabisa. Akomae.

Sina Deni
Mnahangaika na sheria wakati tatizo ni kupenda makuu. Gari la mkopo si lako, wewe ni mpangaji uliyepewa usukani. Huna hela, panda basi.

Bi Hesabu
Nilikuja kumjibu mleta mada, lakini Sina Deni ngoja nianze na wewe. Nimekaa dawati la mikopo hadi nastaafu. Waliokuwa wanakuja pale ni mafundi wenye vifaa vya kazi na wauguzi wa zamu ya usiku. Niambie, muuguzi anayetoka saa nane za usiku apande basi lipi?

Sina Deni
Binti, jazba ya nini? Aweke akiba, anunue taslimu. Mimi nimefanya hivyo na sijafa.

Bi Hesabu
Binti utamkuta kwako. Mimi nina wajukuu.

Mchungulia
Nimevuta kiti.

Mzee wa Klachi
Sina Deni, na nyumba ulijenga taslimu?

Sina Deni
Nyumba ni kitu kingine. Gari likishatoka tu getini kwa muuzaji limeshashuka bei. Kulilipia riba ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Mzee wa Klachi
Kwa hiyo una deni la nyumba. Badilisha jina basi.

Sina Deni
Sijasema nina deni la nyumba. Nimesema nyumba ni kitu kingine.

Kibati
Jamani, mada.

Dalali Mstaafu
Mnavyomsema muuzaji utadhani ni jambazi. Nimeuza magari maisha yangu yote. Mkopeshaji anaweza kukubali kwa simu asubuhi, jioni akadai hati ya mshahara, akaona tarakimu haifanani na ya kwenye fomu, akajitoa. Hapo muuzaji afanyeje, akopeshe kwa mfuko wake? Kibati, hebu muulize ndugu yako aliandika mshahara gani.

Kibati
Una maana gani? Ndugu yangu si mwongo. Mshahara aliuandika karani wa muuzaji, yeye alionyeshwa tu mahali pa kusaini.

Dalali Mstaafu
Umenijibu.

Kibati
Nimekujibu nini? Karani wenu akiandika uongo, mwongo ni mteja?

Wakili wa Kibarazani
Ukishasaini ni maneno yako. Kisheria.

Kibati
Wewe si ndiye uliyesema akomae?

Wakili wa Kibarazani
Nilizungumzia siku tatu. Hili la mshahara ni jipya.

Bi Hesabu
Hizo siku tatu zimeponza wengi. Kanuni hiyo ipo Marekani, lakini inahusu mauzo ya nyumbani kwa mtu au mahali pa muda. Ukienda mwenyewe ofisini kwa muuzaji ukanunua gari, haikuhusu. Na marufuku unayoisema ni kanuni ya magari iliyotangazwa Desemba 2023 na tume yao ya biashara. Mahakama ya rufaa iliifuta Januari 2025 hata kabla haijaanza kufanya kazi, ikasema utaratibu wa kuitunga ulikiukwa.
Uingereza wana siku 14, ila ni za kujitoa kwenye mkopo. Gari linabaki kwako, na hela ya mkopeshaji unatakiwa uirudishe yote ndani ya siku 30. Ukimwambia mtu "una siku 14" bila kumaliza sentensi unampeleka shimoni.

Wakili wa Kibarazani
Na ile ya thuluthi mbili? Ukishalipa thuluthi mbili hakuna wa kukunyang'anya bila mahakama.

Dalali Mstaafu
Hiyo ni sheria ya ununuzi kwa awamu ya Kenya. Na huyu katoa kianzio tu, hajalipa hata awamu moja. Thuluthi mbili iko wapi hapo, wakili?

Mchungulia
Hahaha.

Bi Hesabu
Dalali, nawe usipite hivi hivi. Waambie watu kwa nini ofisi ya muuzaji ina haraka ya kukabidhi ufunguo kabla mkopo haujakamilika. Mteja akishaondoka na gari, haendi tena kuuliza bei kwa jirani. Na mkopeshaji akitoa riba fulani, muuzaji mara nyingi anaruhusiwa kuipandisha kidogo, ile ziada wanagawana. Kwa hiyo "njoo usaini upya" wakati mwingine mkopo haujakataliwa kabisa, faida tu ndiyo haijatosha.

Dalali Mstaafu
Wapo wanaofanya hivyo. Si wote.

Bi Hesabu
Sijasema wote. Nimesema kwa nini.

Sina Deni
Ndiyo maana nasema taslimu. Bibi mwenyewe kakubali kwamba riba inaongezwa.

Bi Hesabu
Sasa nimekuwa bibi. Tumesogea.
Kibati, ndugu yako asisaini kitu leo. Adai kwa maandishi barua ya kukataliwa kutoka kwa mkopeshaji, maana maombi ni yake, si ya muuzaji. Kule Marekani mkopeshaji anatakiwa amjulishe mwombaji uamuzi ndani ya siku 30. Hata pasipo na sheria kama hiyo, hakuna kinachomzuia mwombaji kumwandikia mkopeshaji moja kwa moja. La pili, asilifiche gari. Alipige picha pande zote pamoja na kilomita kwenye dashibodi, na aulize bima iko kwa jina la nani, kwa sababu akiligonga leo, mtatafutana. La tatu, akilirudisha, alirudishe kwa karatasi ya makabidhiano yenye saini ya aliyepokea, na siku hiyohiyo adai kianzio chake na gari lake.

Mzee wa Klachi
Gari lake limeuzwa, si umesoma?

Bi Hesabu
Basi apewe thamani iliyoandikwa kwenye mkataba kwa gari lile. Mauzo yakivunjika, kila mtu anarudishiwa chake. Muuzaji hawezi kusema mkataba haupo inapofika riba, halafu uwepo inapofika gari la mwenzake.

Dalali Mstaafu
Hapo nakubali. Gari la mteja tulikuwa hatuligusi mpaka hela ya mkopeshaji iingie. Huyo kavuka mstari. Ila la mshahara bado sijajibiwa.

Kibati
Na hutajibiwa.

Mchungulia
Kibati, umepotea. Limeishaje?

Kibati
Halijaisha. Muuzaji aligoma kutoa barua, akasema ni siri ya ofisi. Tukamwandikia mkopeshaji wenyewe. Jibu limekuja: maombi hayakukataliwa. Yalikubaliwa kwa riba ileile aliyoambiwa mwanzo, kwa sharti alete hati ya mshahara na kianzio kiongezwe kidogo. Riba mpya haipo popote kwenye barua yao.

Wakili wa Kibarazani
Nilisema akomae!

Dalali Mstaafu
Nilisema hati ya mshahara!

Sina Deni
Na kianzio kimeongezwa, kama muuzaji alivyosema. Mnashangilia nini?

Bi Hesabu
Kibati, hati ya mshahara aipeleke kwa mkopeshaji mwenyewe, asiipitishe kwa karani yule. Nakala ya barua ampe muuzaji, asaini kuipokea. Na kile kisanduku kitupu kijazwe riba ya kwenye barua mbele ya macho yake kabla hajatoa hata senti ya kianzio.

Kibati
Anataka kulirudisha, bibi. Anasema hawezi tena kumtazama karani yule usoni.

Mzee wa Klachi
Na wewe uliyesema asirudishe?

Kibati
Mimi bado nasema asirudishe. Tumegombana tangu jana.