Fundi kamera kachomeka waya kwenye tundu la antena, eti "sachi chaneli"!

Wakuu, jamaa katoka hapa sasa hivi, vumbi la pikipiki yake halijatua. Simtaji. Wa Tabata mnamjua, yule wa ngazi ya aluminiamu anayejiita injinia.

Nilimwita anifungie kamera ya getini. Ya waya, ile analogi yenye kichwa cha BNC, kile cha chuma cha duara cha kusukuma na kuzungusha, na kamkia ka umeme ka volti 12. Katoboa ukuta utadhani anatafuta tanzanite. Sawa. Kaja sebuleni, kachungulia nyuma ya TV, kaguna. Kakata kichwa cha BNC, kamenya waya kwa meno, kavalisha kichwa cha antena, kachomeka kwenye tundu la antena. Kisha kanigeukia mbele ya mama mkwe: "Bosi, sachi chaneli."

Nisachi chaneli! Geti langu lina mnara Kisarawe? Tundu la antena linangoja mawimbi ya kituo cha televisheni, kamera hairushi mawimbi! Waya unaingia kwenye DVR, kile kiboksi cha kurekodi, na DVR ndiyo inapeleka picha kwenye TV kwa HDMI au VGA. Na DVR ilikuwa hapo hapo mezani, kaiwekea kikombe cha chai juu!

Namuonyesha, ananijibu: "Hiyo ya kurekodi tu, wewe si unataka kuangalia?" Mama mkwe keshashika rimoti, anasachi kweli. Asilimia zinapanda mpaka mia, hamna kitu. Ndipo injinia akatoa hukumu: TV yangu imechoka. TV ya mwaka jana! Na hela ya ufundi kadai yote.

Sachi chaneli. Mbele ya mama mkwe!

Mzee wa Goba: Pole mkuu. Ila anamenya waya kwa meno nawe umekaa unamtazama?

Binti Kigogo: Mama mkwe kapata chaneli gani? Tuanzie hapo kwanza hahahaa

Koplo Mstaafu: Angechomeka kwenye AV ya njano, kwa kichwa cha kutoka BNC kwenda RCA (ndiyo hiyo pini ya AV), picha ingeweza kuja. Ila kamera iwe kwenye CVBS, mfumo wa video wa zamani ambao AV inauelewa. Nyingi za sasa zinakuja na AHD au TVI, mifumo ya picha kali ambayo AV haiielewi, TV inabaki nyeusi. Kwenye waya huwa kuna kaswichi, unakabana sekunde kadhaa kamera inahamia CVBS.

Mwenye uzi: Koplo, hayo nayajua. Huyu kasema SACHI CHANELI.

Mama Nuru: Afadhali wako. Wangu kaniuzia kamera ya IP yenye kichwa cha waya wa intaneti, na DVR yenye matundu ya BNC peke yake. Nikauliza vinaingilianaje, kasema "tutalazimisha".

Chumvini: Mafundi kamera wana nafuu. Wa jipsamu kaondoka na ngazi YANGU.

Binti Kigogo: Ngazi tu? Wa friji kaniwekea gesi, sasa maziwa yanaganda juu, chini mboga zinaoza.

Mzee wa Goba: Wa friji wametumaliza. Mwenye fundi friji wa uhakika anitumie namba inbox.

Koplo Mstaafu: Nami naisubiri hiyo namba.

Mwenye uzi: Jamani, kichwa changu cha BNC kimekatwa! Nani anabana vizuri huku Tabata?

Chumvini: Mzee wa Goba, friji ya milango mingapi?