Hadithi fupi ya mpelelezi sugu: "mimi" au "yeye"?

Kalamu_Kavu
Wadau, hadithi ya maneno 4,000 hivi, maiti moja, washukiwa watatu. Kipi kinabeba vizuri zaidi: "mimi" wa mpelelezi mwenyewe, au "yeye" anayetazamwa kwa nje tu, bila kuingia kichwani mwa mtu?

Wino_Mzito
"Mimi". Sauti inaanza kazi tangu sentensi ya kwanza. Hupotezi aya nzima kumtambulisha mtu. Mwandishi Dashiell Hammett aliwahi kuwa mpelelezi wa Pinkerton, kampuni ya upelelezi ya Marekani, na alipomleta mpelelezi wake asiye na jina kwenye jarida la Black Mask mwaka 1923, alimwacha asimulie mwenyewe kwa ukavu wa ripoti ya kazini.
Shida iko kwenye vidokezo. Anachokiona yeye, msomaji akione papo hapo; ukikificha mpaka mwisho umemdhulumu. Kizike katikati ya vitu vingine, kisha ukatize: "Mezani palikuwa na kibiriti, tiketi ya treni ya jana na miwani iliyopasuka kioo. Mlango ukagongwa." Tiketi itasahaulika mpaka utakapoihitaji.

Babu_Rasimu
@Wino_Mzito, na Sam Spade, yule mpelelezi mwingine wa Hammett, je? Mwaka 1929 Hammett huyohuyo, jarida hilohilo, akaacha "mimi", na msomaji anajiuliza mpaka mwisho Spade yuko upande wa nani. Kwa hiyo uliza kwanza: siri anayo nani? Kama mpelelezi anadanganywa na mteja, tumia "mimi", msomaji adanganyike naye. Kama mpelelezi mwenyewe anaficha jambo, tumia "yeye".
Ila ni kazi ngumu. Futa kila "alihisi", "alijua", "alikumbuka". Pengo lizibwe na mkono au kitu: badala ya "aliogopa", andika "Glasi ilijaa, akaendelea kumimina." Mtindo huo unakula nafasi, kwa hiyo kwa maneno 4,000 usizidishe maonyesho matano.

Tashbihi_Moja
Kwenye "mimi", kinachoharibu zaidi ni tashbihi. Zikirundikana, msomaji anamsikia mwandishi, hamsikii tena mpelelezi. Moja kwa ukurasa inatosha, na isiingie kwenye ugomvi. Ngumi inataka kitenzi kifupi.
Raymond Chandler, mwandishi mwingine wa hadithi za aina hii, naye alianza mwaka 1933 kwa nafsi ya tatu, kwa hiyo hakuna sheria. Andika onyesho la kumhoji muuaji, maneno 300, kwa njia zote mbili. Ile inayokulazimisha ueleze kwamba anadanganya, iache.