MREJESHO: Kibodi kwa anayeumwa viganja (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni yule mhasibu wa Area C niliyeomba ushauri wa kibodi, viganja vikiwaka moto kila nikichapa ripoti. Asanteni sana kwa michango.

Kilichosaidia kuliko vyote ni cha bure: kukunja vile viguu vya nyuma vya kibodi. Ikilala bapa, kifundo cha mkono hakipindi kwenda juu. Fundi wa Sabasaba akanishushia na meza kidogo, sasa kiwiko kinakaa kama nyuzi 90.

Nikanunua pia kibodi fupi isiyo na namba kulia. Kipanya kimesogea karibu, bega limetulia. Ila kazi yangu ni tarakimu tupu, na ile safu ya juu ni mateso, hivyo nimeongeza kibodi ndogo ya namba ya USB, naiweka kushoto.

Ile kibodi ya vipande viwili, kila mkono na kipande chake, imenishinda. Niliazima ya jamaa ofisini; herufi B mimi naigonga kwa mkono wa kulia, yenyewe iko kipande cha kushoto! Na vitufe vinavyolia, mpaka bosi anageuka. Nimemrudishia jamaa.

Kidole gumba bado kinakufa ganzi usiku, hicho nakipeleka hospitali.