Naomba ushauri: nitaje umbali upi kwa mwongoza ndege ninapokaribia uwanja?

Ndugu marubani na waongoza ndege, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, na ninaporuka kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar kwa ndege ya injini moja, huelekezwa nitoe taarifa nikiwa maili 10 za baharini kutoka uwanjani. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu DME (kifaa cha ndegeni kinachopima umbali kwa mawimbi ya redio) na GPS mara nyingine hazisomi sawa.

Ninafahamu kwamba DME hupima umbali wa mshazari kati ya ndege na mtambo wa ardhini, hivi kwamba rubani aliye juu kabisa ya mtambo huo, katika kimo cha futi 6,000, bado atasoma takribani maili 1. Ilhali GPS hupima umbali wa ardhini hadi nukta iliyochaguliwa, ambayo si lazima iwe pale ulipo mtambo. Kwa maili 10 na kimo chetu kidogo, mshazari hauleti tofauti ya maana, kwa hiyo nadhani tatizo ni hiyo nukta. Je, nitaje chanzo cha kipimo, yaani "maili 10 kwa DME", hata kama sikuulizwa?

Halafu kuna msongamano wa mazungumzo redioni. Kwa kasi ya maili 120 kwa saa, kusubiri nusu dakika tu mwenzangu amalize kuzungumza kunanisogeza maili nzima. Je, niseme 9 ninayoiona wakati huo, au mwongoza ndege anatarajia kusikia ile 10 aliyoiomba? Wakufunzi wangu wawili wametofautiana, nami ningependa hasa kumsikia aliyewahi kukaa mnarani.